Fundi anayewatoa watoto tumboni mwa zimwi

Saa mbili kasorobo asubuhi, fundi cherehani amepiga magoti sakafuni mwa duka lake, kichwa na mabega yamezama ndani ya tumbo la zimwi. Inayoonekana ni miguu tu, na kandambili moja imeshamvuka.

"Nipe mkasi mdogo," sauti inatoka humo ndani, nzito kama ya mtu aliyejifunika blanketi.

Mkewe, anayeshona vifungo mlangoni penye mwanga, anamnyooshea mkasi bila kuinua macho. "Angalia usijifungie humo tena," anamwambia. "Juzi nilikutoa kwa shida."

Vazi hilo limeshonwa kwa kitambaa kizito cha pazia na kujazwa sponji la magodoro makuukuu. Vichwa vitatu vimekamilika. Vinne vingine vinaning'inia msumarini, katikati ya mashati ya shule. Wateja wanaoleta suruali kupunguzwa wameshavizoea, ila mgeni husita kidogo kabla ya kuingia.

Mtaani wanamwita Baba Zimwi. Ana miaka hamsini na mmoja.

"Mwanzoni nilinuna," anasema akijipangusa nyuzi kichwani. "Siku hizi mtu akiniita jina langu, nageuka kutazama anaitwa nani."

Kwa miaka ishirini na miwili alishona sare za shule. Kila shule zilipokaribia kufunguliwa alikuwa akitoa sare thelathini kwa wiki. Kisha maduka yakaanza kuuza zilizoshonwa tayari, na kazi ikashuka hadi sare nne, mara nyingine mbili.

Ndipo mwalimu wa darasa la pili alipokuja na ombi la ajabu. Watoto wake walitaka kuigiza hadithi ya zimwi anayemeza kijiji kizima. Je, fundi angeweza kumshona?

Aliweza. Mama yake alikuwa dobi, na hadithi hiyo aliisimulia akipiga pasi nguo za watu. "Kola moja ikinyooka, kichwa kimoja cha zimwi kinakatwa," anakumbuka. "Tulikuwa tunamwombea apate mashati mengi."

Vazi la kwanza lilimchukua siku tisa. Siku ya maonyesho wazazi walipiga makofi mpaka viganja vikawauma, na fundi akarudi nyumbani kifua mbele.

Siku nne baadaye, mama mmoja alisimama mlangoni pa duka, mkoba kwapani.

"Wewe ndiye uliyeshona lile dude?" aliuliza.

Fundi alikiri. Mama akamweleza kuwa bintiye wa miaka mitano, aliye chekechea, hataki tena kwenda shule. Analala akishika nguo ya mama yake. Ukimuuliza, anasema zimwi yupo stoo ya shule, na wale watoto bado wamo tumboni.

"Nilijisikia vibaya sana," fundi anasema. "Mimi nina wajukuu. Nilimwambia, dada yangu, nipe mpaka Jumamosi."

Jumamosi mchana alilichukua vazi stoo, akalitia kwenye gunia, akabisha hodi nyumbani kwa mama yule. Mtoto alijificha chini ya meza. Fundi alikaa sakafuni, akaligeuza vazi ndani nje, akamwonyesha mishono, sponji na waya.

"Hana meno ndani, mjukuu wangu," alimwambia. "Ni nguo kama gauni lako."

Mtoto alichungulia kutoka chini ya meza. Kisha akauliza, "Na wale watoto, walitokea wapi?"

Hapo fundi alielewa. Kwenye hadithi ya mama yake, zimwi hupasuliwa na watu wote hutoka wakiwa hai, na kuku wao, na mbuzi wao. Kwenye mchezo wa shule hakuna aliyetoka.

Mwalimu mwenyewe hakatai. "Muda ulikuwa umekwisha na wazazi walitaka kuondoka," anasema. "Nikaona tuishie pale anapowameza, inatosha. Sikufikiri kuna mtu angebaki anawasubiri."

Fundi alitoa mkasi mfukoni. Anasema mkono ulisita, maana zilikuwa siku tisa za kazi na vazi lilikuwa zuri. Halafu akalipasua tumbo toka shingoni hadi kiunoni. Mama wa mtoto akaita watoto watano wa jirani waliokuwa wakicheza uani. Wakaingia kupitia shingoni, mmoja mmoja, na kutokea tumboni wakicheka.

Binti akatoka chini ya meza, akawahesabu kwa kidole. Watano. Akahesabu tena. Kisha akaomba na yeye amezwe.

"Alimezwa mara kumi na moja," anasema mama yake. "Jumatatu alivaa viatu mwenyewe."

Fundi alirudi dukani, akaweka zipu palipopasuliwa. Tangu hapo ameshona mazimwi kumi na sita, kwa shule na kwa sherehe za watoto, na kila mmoja ana zipu tumboni. Vazi moja humlipa kama sare ishirini. Anayelichukua huambiwa sharti moja: hadithi ifike mwisho, hata kama chakula kinapoa.

"Watoto wa sasa wana simu zenye kila aina ya dubwana," anasema. "Lakini hofu ni ile ile tuliyokuwa nayo sisi. Nao wanataka kujua kama watu hutoka."

Mkewe anacheka pembeni. "Na mimi nataka kujua ni lini sebule yangu itatoka kwenye sponji."

Kazi inayofuata ni kubwa kuliko zote: joka la mita kumi na mbili, kwa shule tatu zilizoungana. Ndani wataingia watoto kumi na wanne. Tatizo, anasema mwalimu, ni kwamba hajapata hata mmoja anayekubali kuwa shujaa. Wote wanataka kuwa ndani ya joka.

Watu wazima wawili nao watahitajika humo. Mke wa fundi ameshaomba kichwa.

"Mimi nitashika mkia," fundi anasema, akitunga uzi kwenye sindano. "Mshonaji akae nyuma, mshono ukifumuka auone."