Rôle niliyopewa kwa dirisha

Leo nimepata rôle bila kucheza hata pas moja ya danse.

Tulienda test ya théâtre mu salle ya kanisa, hapa Bulengera. Ni histoire ya vijana benye kushindana kwa danse. Mie na rafiki yangu Masika, twote tulitaka rôle ya kadada mwenye anashinda.

Masika alianza kucheza. Mie nikabakia kwa dirisha, midomo inatikisika kwa kila pas yake.

Encadreur, mwenye anatufundisha théâtre, akasimamisha muziki, akanionesha kidole.

"Masika ndiye kadada. Wewe utakuwa mama yake."

Mama? Masika ananipita miaka tatu.

"Nimeona vile unamuombea," encadreur akasema.

Ni kweli, nilikuwa naomba. Mais nilikuwa naomba akosee.

Kurudi nyumbani kwa pikipiki, Masika ananikamata kiuno, ananishukuru njia yote juu ya ile maombi.

Nyinyi mungemuambia ukweli?