Bao la Mcha Lisilochezeka Paje

Siku aliyoshuka Paje na kuiona ile CD inaning'inia kwenye uzi juu ya tuta la mchicha, inameremeta na kufukuza ndege, Thuwaiba alipandwa na hasira mpaka akaingia uani kwa watu bila ya hodi. Juu ya CD ile palikuwa na jina la mwenye nyumba kwa herufi za rangi ya dhahabu: Bao la Mcha. Na mwenye nyumba mwenyewe, Mcha, alikuwa ndani amekaa mkekani, anaitazama televisheni iliyoganda.

"Shikamoo, baba," alisema Thuwaiba.

"Marahaba, mwalimu. Karibu. Umeiona zawadi yako? Ndege wanaiogopa, mashallah."

Hakusema kwa kejeli. Angelisema kwa kejeli ingelikuwa afadhali.

Thuwaiba binti Mundhir ni mzaliwa wa Mji Mkongwe, mtaa wa Kajificheni, katika ukoo wa Kiarabu uliowahi kuwa na mashamba ya karafuu na sasa una nyumba moja inayovuja. Kakake, Hamed, alikwenda Maskati mwaka 1985, na kama wote waliokwenda huko akawa anatuma masanduku. Mwaka 1988 sanduku likafunguliwa na kutoka maziwa ya unga, mafuta ya nywele, magauni mawili na kompyuta ya Sakhr, kibodi tupu ya kuchomekwa kwenye televisheni. Mashine za namna ile zilishuka katika nyumba nyingi za Unguja miaka hiyo. Wengi walicheza michezo iliyokuja nazo, wakachoka, wakazifunika kwa vitambaa vya kufuma. Thuwaiba akafungua kitabu cha mashine. Kilikuwa cha Kiarabu, na Kiarabu alisomeshwa na babake tangu ana miaka sita, kwa bakora. Kitabu kilieleza namna ya kuiamrisha mashine, na yeye, ambaye umri wake wote alikuwa akiamrishwa, akakisoma mara tatu.

Mwaka uliofuata akapelekwa Paje kusomesha hesabu. Akapangishiwa chumba kwa Mcha, mchoma chokaa, mtu mwenye mikono myeupe mpaka kwenye viwiko, ambaye kusini nzima hakuna aliyetamani kukaa naye kwenye bao. Barazani wanaume walicheza wao kwa wao, na mwalimu wa kike kutoka mjini hakuwa na mahali pale. Lakini uani Mcha alicheza na mkewe, Bi Mwanamkasi, na uani hakuna wa kumzuia mtu. Thuwaiba alikaa pembeni na moto wake wa kuni na daftari lake, akaandika kila kete ilivyokwenda, miaka miwili mizima.

"Andika tu," Bi Mwanamkasi alimwambia siku moja. "Ila usidhani umeliona lote. Fundi wa bao haoneshi lake lote kwa mtu. Mie mkewe mwaka wa ishirini huu, na kuna kitu ananificha."

Mcha akacheka, akala kete zake.

Alipohamishwa kurudi mjini, Thuwaiba alikaa na Sakhr yake na lile daftari, na kufikia mwaka 1993 mashine ilikuwa inacheza bao. Mashimo thelathini na mawili, kete sitini na nne, na mchezaji wa upande wa pili alifikiri kama Mcha, pupa yake na ujanja wake. Mchezo aliuhifadhi kwenye kaseti za kawaida, zile zile za taarabu, na kila mwenye Sakhr alikuja kunakiliwa yake. Harusi moja ya Kikwajuni mtu alitia kaseti ya bao kwenye spika badala ya taarabu. Wageni walisikia mlio wa kukwaruza masikio, na bibi mmoja akaagiza ubani ufukizwe haraka. Thuwaiba aliandika jina la kila aliyechukua nakala, na wakija kulalamika mchezo unakosea wapi, aliandika na hilo pia. Majina yalifika arubaini na matatu.

Sasa, vya mjini vikizeeka hushuka shamba. Ndivyo ilivyo kwa makabati, redio na feni, na ndivyo ilivyokuwa kwa Sakhr. Watu wa mjini walipoanza kupata kompyuta mpya, zile za zamani zilikwenda kwa mashangazi wa Mangapwani na binamu wa Kizimbani, na kaseti za bao zikafuatana nazo. Mwaka 1998 Zakir, mwenye duka la kompyuta na intaneti Mkunazini, alimpa Thuwaiba kompyuta mpya ya Windows badala ya ujira wa kuwafundisha wafanyakazi wake. Thuwaiba akaichukua Sakhr yake mwenyewe, na televisheni ndogo, akampelekea Mcha.

Mcha alikaa mbele ya kioo akajikuta anacheza na nafsi yake. Alifurahi kama mtu aliyeoneshwa picha ya ujana wake. Ila kulikuwa na kasoro. Mchezo ukirefuka, kete zikawa zinazunguka na kuzunguka, mashine ilikuwa inaishiwa na kumbukumbu na kuganda, na mara nyingi iliganda Mcha akiwa karibu kushinda.

"Huyu siye mimi," alisema. "Mimi sikimbii bao."

"N'talitengeneza, baba. Wallahi siugusi tena mchezo huu ila naanza na wako hapa."

Aliyasema hayo mkekani, Bi Mwanamkasi anasikia. Ahadi ni deni, na hii ilikuwa na shahidi.

Zakir alikuja na neno lake mwaka 2001. Alitaka bao lile liandikwe upya kwa Windows, na picha nzuri za ubao wa mninga, litiwe kwenye CD na kuuzwa mahotelini. Thuwaiba akamjibu kwamba ataliandika, lakini na la Sakhr atalitengeneza pamoja.

"Bi Thuwaiba, tuzungumze kama watu wazima," alisema Zakir. "Nani leo ana Sakhr?"

"Watu arubaini na watatu. Majina yao yamo humu." Akalipiga daftari juu ya meza.

"Na wenye Windows, dunia nzima? Wengi wape, Bi Thuwaiba. Usipowapa watachukua wenyewe."

"Wachukue, nani kawakataza? Nnasema nifanye yote mawili."

"Kwa mikono mingapi?" Zakir aliuliza kwa upole, na huo upole ndio uliomchoma. "Asubuhi unasomesha. Jioni una wanafunzi wa ziada. Kila kitu ukibadilishe hapa, halafu ukakibadilishe na kule. Kasoro ikitokea uitafute mara mbili. Mwaka utakwisha hujatoa hata mmoja. Nshaona watu wakijimaliza hivyo."

Swali la mikono halikuwa na jibu, na swali lisilo na jibu humkasirisha mtu kuliko tusi. Thuwaiba alisimama.

"Watu hawa ndio walioucheza mchezo wakati haujulikani na mtu! Hao ndio walionambia unakosea wapi. Leo nimepata wakubwa, niwape mgongo?"

"Hujawapa mgongo. Wanao ule wa zamani, si waucheze?"

"Wa zamani unaganda, Zakir!"

"Basi wanunue kompyuta mpya."

Hapo alitakiwa atoke, aufunge mlango kwa kishindo, mambo yaishe. Hakutoka. Alikuwa amechoka, mwanamke wa miaka thelathini na tatu anayesahihisha madaftari mpaka vidole vinakufa ganzi, na Zakir alikuwa ameshamchorea mfano wa jalada. Akalitazama. Lilikuwa zuri. Akasema haya, tuanze na Windows, Paje itafuata. Waswahili husema asiyekuwepo na lake halipo, na mezani pale hapakuwa na mtu wa Paje.

Jina lilikuwa fikra ya Zakir. Wageni hupenda kitu chenye mtu ndani yake. Mcha alipopelekewa salamu kuombwa ruhusa alijibu kwamba jina lake mwalimu alichukue, kwani jina halimpi yeye wali.

CD zikatoka. Zikapangwa kwenye kaunta za mahoteli, pembeni ya vikoi na vipakiti vya iliki, na wageni wakazinunua kama walivyonunua iliki. Nyuma ya jalada paliandikwa anwani ya barua pepe ya Thuwaiba. Alikuwa akienda dukani kwa Zakir kila Ijumaa kufungua barua. Miezi minane, hapana hata mtu mmoja aliyeandika kulalamika, wala kuuliza kanuni, wala kujigamba kwamba kashinda. Mchezo usiolaumiwa na mtu ni mchezo usiochezwa, na yeye alilijua hilo kwa sababu wale arubaini na watatu hawakuwahi kumpa usingizi. Shule zilipofunga, Juni 2002, akapanda gari la Paje, na huko ndiko alikoikuta CD juu ya mchicha.

"Nani kakuletea hii?" aliuliza.

"Dereva wa Zakir. Kasema ni zawadi yangu, jina langu limo. N'likitafuta kitundu cha kuitilia kwenye mashine, sikukiona. Mwanamkasi akasema pengine ni kioo." Mcha alijifuta mikono kwenye shuka. "Nikamwambia, mwalimu hawezi kuniletea kitu kisicho na kazi. Nikakitafutia kazi."

Thuwaiba alipaza sauti. "Zakir kakuvisha kilemba cha ukoka, baba! Mtu anauza jina lako kwa wazungu, halafu anakuletea sahani usiyoweza hata kuilia! Nikirudi mjini nitakwenda kumwambia mbele ya wateja wake..."

"Zakir mie simjui," Bi Mwanamkasi alisema kutoka jikoni, bila ya kunyanyua sauti. "Aliyeapa mkekani hapa si Zakir."

Hasira alizokuja nazo zilikuwa na pa kwenda, njia nzima hadi Mkunazini; sasa zimegeuzwa, zimerudi kwake. Alilia mbele ya watu wazima, akiwa na viatu vyake miguuni juu ya mkeka wa watu, na hakuna aliyembembeleza. Bi Mwanamkasi alimletea maji, akamwambia avue viatu.

Hakurudi mjini siku hiyo. Sakhr pekee aliyoweza kuifanyia kazi ilikuwa ile ile aliyoitoa mwenyewe, basi alikaa kwenye mkeka wa Mcha na kuanza kusoma mistari yake ya mwaka 1993, na kila mstari ulimkasirisha. Alimkasirikia yule msichana aliyeiandika ovyo. Alizikasirikia zile picha za ubao wa mninga alizozishughulikia miezi mitatu kwa ajili ya watu wasiocheza. Mashine ndogo haina nafasi ya urembo, kwa hiyo alifuta nakshi za pembeni, akafuta na wimbo wa kufungulia mchezo aliojivunia sana, mpaka ikapatikana nafasi ya kuhesabu kete zikizunguka muda wowote zitakao. Umeme ulikatika mara nne kabla hajahifadhi kwenye kaseti. Mara ya nne alitukana kwa Kiarabu, na Mcha akajifanya hakusikia.

Siku ya tisa, baada ya sala ya alasiri, Mcha alikaa na mashine. Mchezo ukarefuka, kete zikazunguka, zikazunguka tena. Haikuganda. Mcha akala kete ya mwisho, akashinda. Kisha akauvuta ubao wake wa mti kutoka ukutani na kuuweka baina yake na Thuwaiba.

"Haya, mwalimu. Lete bao."

Walicheza. Katikati ya mchezo Mcha akaiacha nyumba yake, lile shimo kubwa ambalo mchezaji hulilinda kama roho, wazi kabisa, na kete kumi ndani. Thuwaiba akaila, nani angeiacha? Na baada ya mizunguko miwili hakuwa na kete hata moja ya kuchezea. Bi Mwanamkasi alikuwa anapepeta mchele. Ungo ukamsimama mikononi.

"Mcha! Miaka thelathini na tatu!"

"Lake mtu haoneshi kwa mgeni," alisema Mcha. "Mgeni siku mbili. Huyu leo ya tisa." Akaipigapiga Sakhr, akaiachia alama za chokaa. "Yule wa kwenye CD wanasema ni mimi. Nusu yake siye. Huyu mtie lile la kuiacha nyumba, awe mimi."

Thuwaiba akalitia. Kabla ya shule kufunguliwa alipanda na kushuka magari, Mangapwani, Kizimbani, Makunduchi, akiwa na mfuko wa kaseti na daftari la majina. Watu watano walikuwa wamekufa, mashine sita zimeharibika. Thelathini na wawili walipata kaseti zao mikononi mwao.

Habari hazikai Unguja. Alipoingia dukani Mkunazini Ijumaa, Zakir alikuwa ameshasikia, na alimpokea kwa bashasha mbele ya wateja.

"Ati Mcha kakupa bao lake lote? Mashallah! Tunatoa CD ya pili. Tutaandika juu yake, Bao Zima la Mcha. Wageni watalitaka hili!"

"Wakilitaka lipo," alisema Thuwaiba. "Kwenye Sakhr."

"Lakini Bi Thuwaiba, wao hawana Sakhr."

Thuwaiba alikuwa ameshashika komeo la mlango.

"Basi wanunue kompyuta ya zamani," alisema, akatoka.