Ruhusa ya Kumlilia Théodore

Jumanne ile Euphrasie alijua kuna msiba alipomwona Parfait anaingia soko la Bagira akisukuma pikipiki. Mafuta yalikuwemo, tairi zilikuwa nzima, na motari wa Bagira, dereva wa pikipiki ya abiria, hazimi injini hata mbele ya kanisa. Parfait alisimama mbele ya maharagi yake, akavua kofia.

"Maman Euphrasie, kaa kwanza."

"Nimeshakaa. Sema."

"Muzee Théodore ameanguka pale rond-point, filimbi mudomoni. Tulimubeba mbio mupaka hospitali. Munganga anasema ni presha. Ametuacha, maman."

Euphrasie akafanya ishara ya msalaba, akaendelea kuchambua maharagi kama hakusikia.

Théodore Mushagalusa, kaka yake, alikuwa ajenti wa Servisi ya Utulivu. Ilipoanzishwa, servisi hiyo ilikuwa na idara tatu: usafiri, makelele na ulinzi wa raia. Kisha wakubwa wakagundua kwamba idara tatu zinataka watu watatu, wakampa Théodore zote. Asubuhi alipanga motari kwenye rond-point, pale barabara zinapokutana. Mchana alizunguka kwenye nganda za pombe na makanisa ya uamsho, akiwasihi wapunguze sauti. Mvua ikinyesha, aliteremka makorongoni kuwaambia watu wahame kabla udongo haujawahamisha. Kwa kazi zote hizo alipewa filimbi moja na gile ya kijani, kizibao cha kazi.

Mkuu wake, chefu Jean-de-Dieu, alipigana na makelele kwa njia yake mwenyewe. Alituma gari lenye vipaza sauti vinne lipite alfajiri mitaani, liwatangazie waliolala kwamba ni marufuku kuwasumbua waliolala. Siku ya kwanza Théodore alilisimamisha, akaliandikia kosa. Ofisi ikamtaka ajieleze kwa maandishi. Alijieleza kwa kurasa nne, pamoja na aya ya Zaburi.

Sasa Euphrasie alitaka jambo moja tu: Jumamosi kaka yake asindikizwe hadi makaburini, mtaa wa Kasha, kwa ngoma za kwaya na klaksoni za motari, kama mtu mwenye watu wake. Akavaa kitenge cheusi, akaenda ofisini.

"Pole sana, maman," alisema Jean-de-Dieu. "Théodore alikuwa mutu ya kazi. Lakini mazishi iko na ngoma?"

"Iko na ngoma, chefu."

"Basi inaomba ruhusa ya makelele."

"Nani anasaini?"

"Ajenti wa makelele."

"Ni nani huyo?"

Jean-de-Dieu akafungua daftari la maajenti. "Ni Théodore."

"Théodore iko morgi ya hospitali, chefu."

"Ndiyo maana nasema dosie imekwama."

"Si uweke mutu mwingine?"

"Maman, hapa ni ofisi, si sokoni. Mwenye kutoka na mwenye kuingia wanakaa mbele yangu, wanafanya remise-reprise, wanakabidhiana kazi, wanasaini wote wawili. Mwenye kutoka asipokuja, mwenye kuingia haingii."

"Na tukipiga ngoma bila karatasi?"

"Nitatuma ajenti awakamate!"

"Ajenti gani?"

Chefu akaanza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Jioni, kwenye matanga, Yannick, prezida wa motari, alicheka hadi akakohoa. "Maman, tupige tu klaksoni! Nani atatushika? Mwenye kushika ndiye tunazika!"

Watu wakacheka, na Euphrasie pia, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Alikaribia kukubali. Halafu akashika rozari yake, akamwona akilini Jean-de-Dieu akiandika ripoti kwamba sheria ya Théodore imevunjwa kwanza na matanga ya Théodore. Akachukua simu.

"Chefu, kimya inaomba karatasi?"

Upande wa pili karatasi zilisikika zikifunuliwa. "Maman... hatujapata kupokea dosie ya kimya."

"Aksanti, chefu. Mungu akubariki."

Jumamosi, baada ya misa, motari arobaini walizima injini mlangoni pa kanisa wakasukuma pikipiki zao nyuma ya jeneza, wakihema kwenye mwinuko, huku wenzao wakipokezana kulibeba mabegani. Kwaya ilitembea bila ngoma. Wenye nganda walitoka nje kuona ni nini, kisha wakarudi ndani kuzima muziki.

Karibu na makaburi lilifika gari la Servisi, limemleta Jean-de-Dieu kutoa rambirambi. Vipaza sauti vyote vinne vilikuwa vikiguruma: "Wananchi! Makelele imekatazwa!"

Euphrasie akatoa filimbi ya kaka yake mfukoni, akapuliza mara moja. Dereva akafunga breki kwa mazoea, akazima kila kitu. Jean-de-Dieu akateremka, akatembea kwa miguu pamoja na wengine.

Padri Cirhuza alibariki kaburi kwa maji ya baraka. Walisali Baba Yetu na Salamu Maria. Jeneza likashushwa kwa kamba. Euphrasie alirusha udongo wa kwanza, Parfait akafuata, kisha motari wote mmoja mmoja, kisha chefu. Waliweka msalaba wa mbao wenye jina na miaka yake, na gile ya kijani ikafungwa juu yake. Halafu motari walisukuma pikipiki zao hadi barabara kubwa, wakawasha, wakaenda kazini.