Barua ya Ubaoni

Nilirudi kutoka Ulaya na vitu vitatu: shahada, koti zito la sufu, na kiburi. Shahada ilinipa kazi ya kufundisha Homa Bay. Koti halikuwa na kazi yoyote katika mji ule wa joto, likabaki limetundikwa msumarini. Kiburi nilikitumia kila siku.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sitini, Uhuru ungali mpya, na kila kanisa la Nyanza Kusini lilitaka kumpeleka mtoto wake chuo kikuu ng'ambo. Afisa mmoja wa elimu aliniita akaniambia kwamba vijana wakifika huko wanateseka kwa sababu ya mambo madogo madogo. Mimi nilikuwa nimekwenda na kurudi salama, kwa hiyo niwafunze kabla hawajaondoka. Sikungoja kubembelezwa. Kila Jumamosi asubuhi niliwakusanya vijana wanane katika darasa la shule yetu. Walitoka Migori, Oyugis na visiwani, na mmoja Sindo.

Nilijiona fundi. Niliazima kitanda cha zahanati nikakitandika kwa mtindo wa huko, shuka na blanketi zikichomekwa chini ya godoro pande zote. Mimi mwenyewe, wiki yangu ya kwanza ng'ambo, nililala juu ya blanketi nikitetemeka, nikidhani kitanda kimepambwa hivyo ili kitazamwe tu.

“Mwalimu, sasa hii blanketi mtu anaingilia wapi?” kijana wa Oyugis aliuliza.

Mmoja mmoja walivua viatu, wakajipenyeza ndani kwa taabu, wenzao wakicheka. Halafu nikawavika lile koti langu kwa zamu, wakafunga vifungo hadi shingoni, jasho likiwatiririka. Niliwaonya pia kwamba mtu wa huko akikuambia njoo nyumbani siku moja, hajakukaribisha, usije ukafunga safari. Niliwaambia kwamba jirani yako wa chumba cha pili anaweza kumaliza mwaka mzima bila kukuuliza umelalaje. Hapo hawakucheka.

Somo la mwisho lilikuwa la barua, na ndilo nililojivunia zaidi.

Katika mwaka wangu wa kwanza niliugua homa ya mapafu, nikawaandikia watu wangu huko Migori kwamba mimi ni mgonjwa sana. Barua ilichukua wiki nyingi. Ilipofika ilisomwa kanisani baada ya ibada, kama barua zote za ng'ambo zilivyosomwa, maana mtoto aliyesindikizwa na watu wote, habari zake ni za watu wote. Siku inasomwa, mimi nilikuwa nimeshapona na ninacheza mpira. Nyumbani wakaanza kilio. Shangazi zangu walikuja kutoka mpakani, mama akasusa chakula, na mzee mmoja akaanza kuulizia tunda la yago, lile linalozikwa badala ya mtu ambaye maiti yake haikupatikana. Kidogo tu wangenizika ningali hai.

Darasa lilicheka mpaka machozi. Nikachukua chaki nikaandika ubaoni barua ya mfano. Niliiandika kwa Kiswahili, kwa kuwa darasani palikuwa na Wajaluo na Mkuria, kila mmoja aje aigeuze kwa lugha ya kwao: “Mama mpendwa, mimi ni mzima. Chumba changu kina joto. Chakula ni kizuri na ninashiba. Walimu wananipenda na marafiki ni wengi. Msiwe na wasiwasi, niombeeni tu.”

Yule Mkuria, ambaye alikuwa amesoma shule ya msingi ng'ambo ya mpaka na Kiswahili chake kilitushinda sote, aliinua mkono.

“Lakini mwalimu, kama mtu ni mgonjwa kweli? Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua.”

“Wahenga hawakupanda ndege,” nilimjibu, na darasa likacheka tena. “Miezi ya kwanza ni migumu, halafu inapita. Vumilieni. Msiniaibishe mimi, wala msiwaaibishe watu wenu.”

Wote waliinakili. Kijana wa Sindo aliinakili polepole kuliko wenzake, akaja mezani kwangu kunionyesha kama ameacha neno. Alikuwa mpole, mwenye hati nzuri, na aliandika daftarini kila kitu nilichosema, hata mizaha yangu. Mama yake alikuwa mjane anayekausha samaki. Siku ya safari mama huyo alisimama nami gatini, akaniita japuonj, yaani mwalimu, kama alivyoniita siku zote. Tulizungumza Kijaluo.

“Japuonj, mimi huko sikujui. Wewe unakujua. Nimemweka mikononi mwako.”

Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Barua za kijana zilikuja kwa sanduku la posta la shule yetu. Jumamosi mama yake alipokuja Homa Bay na samaki wake, alipitia kwangu kabla hajafika sokoni, anawe mikono, akae kwenye ngazi ya nyumba, nami nimsomee. Baadaye aliipeleka barua Sindo ikasomwe kanisani.

Barua ya kwanza ilikuwa na maneno ya ubaoni, lakini katikati kijana alikuwa ameyatia yake. Alieleza theluji. Aliuliza kama paa la jikoni limezibwa, kama dada yake mjamzito anaendelea vizuri, kama yule kuku mwekundu bado anataga chini ya kitanda. Mama yake alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya leso.

Ya pili ilikuwa ya ubaoni, na mstari mmoja tu wa kwake kuhusu mvua.

Ya tatu ilikuwa ya ubaoni tupu, neno kwa neno, kwa mpangilio uleule niliouandika kwa chaki. Niliisoma kwa sauti. Nilizijua barua za namna hiyo, kwa kuwa nilikuwa nimeziandika mwenyewe. Mtu huziandika siku ambazo hajaongea na kiumbe yeyote, hana hamu ya kula, na maneno yake mwenyewe yamegoma kutoka. Basi ananakili. Katika ngazi ile, kati ya watu wawili, ni mimi peke yangu niliyejua kwamba ile haikuwa habari ya mtu yeyote.

“Soma tena,” mama alisema.

Nikasoma tena.

“Hajauliza dada yake amezaa nini.”

“Masomo ni mengi, mama.”

“Mtoto huyu huuliza hata habari za kuku. Japuonj, huyu anayesema humo si mwanangu.”

Nami nikacheka. Kicheko kile nakisikia hadi leo. Nikamwambia kwamba baridi ya huko hufupisha maneno, kwamba hata mimi niliandika hivyo hivyo, na si unaniona nimerudi? Alinishukuru. Alijitwika kapu lake akaenda sokoni.

Ningeweza kuandika chuoni wiki ileile. Sikuandika, na sababu yake ni ya aibu. Wiki hiyo yule afisa alikuwa amenisifu mbele ya wakubwa wake, na darasa la pili lilikuwa linaandaliwa, kubwa kuliko la kwanza. Kusema kwamba mwanafunzi wangu anaangamia kungekuwa kusema kwamba mafunzo yangu ni bure. Nilichofanya ni kumwandikia kijana mwenyewe. “Vumilia,” nilimwambia. “Kumbuka yale niliyowafunza.” Nimefanya makosa mengi maishani, lakini kama ningepewa nafasi ya kufuta maandishi yangu mahali pamoja, ningefuta hapo.

Barua ya nne ilikuwa ileile. Hati ilikuwa imesinyaa, mistari imeteremka upande wa kulia. Mama hakuweza kusoma, lakini aliitazama karatasi kwa muda mrefu, akapitisha kidole juu ya ile mistari iliyoinama.

Baada ya hapo hazikuja tena. Yeye aliendelea kuja. Jumamosi nyingine alikuja bila samaki, amefunga safari yote ya Sindo kuja kuniuliza swali moja tu, nami namjibu kwamba posta ina matatizo. Alikonda. Siku moja nilimwona amekaa kwenye ngazi kabla sijaamka, hakubisha hodi, anangoja tu. Siku hiyo nafsi ilinisuta, nikaandika chuoni.

Jibu lilikuja baada ya wiki tano. Msimamizi wa wanafunzi aliandika kwa adabu nyingi kwamba kijana hakuwa ameonekana darasani tangu kabla ya Krismasi. Mwenye nyumba aliufungua mlango akamkuta kitandani, mifupa mitupu, dirisha limeganda barafu kwa ndani. Daktari alipomuuliza anaumwa wapi, alijibu kwamba yeye ni mzima, chumba chake kina joto, na marafiki ni wengi. Waliomjua pale chuoni ni wawili, na wote wawili walidhani ni mtu anayependa upweke. Amelazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, na akipata nguvu za kusafiri atarudishwa nyumbani.

Nilimsomea mama barua hiyo. Nilimwambia karibu yote. Nilimwambia mwanawe ni mgonjwa, hajafa, anarudi. Yale majibu aliyompa daktari niliyaruka. Nilijua nikiyasoma atayatambua, maana alikuwa ameyasikia mara nne kwa mdomo wangu, na ataniuliza yametoka wapi. Niliogopa. Nilikuwa mtu mzima mwenye shahada, namwogopa mama mmoja wa samaki aliyekaa kwenye ngazi yangu akinishukuru kwa kuandika chuoni kumuulizia mwanawe.

Kijana alirudi mwanzoni mwa masika. Mtu wa ofisi ya yule afisa wa elimu alimfikisha Kisumu akampandisha meli ya Homa Bay. Mimi na mama yake tulisimama gatini, pale pale tulipoagana naye. Abiria walishuka wote, magunia yakashushwa, ndipo akatokea. Suruali ilikuwa imekazwa kwa kamba. Alitembea akiangalia miguu yake, na mama yake hakumkimbilia. Alimwacha afike mwenyewe, kisha akamshika uso kwa mikono miwili akautazama. Mimi nilichukua sanduku lake ili niwe na kitu cha kufanya.

Kijana alinigeukia. Macho yakamchangamka kwa mara ya kwanza. Alinipa mikono yote miwili, kwa heshima, kama mwanafunzi aliyeleta kazi yake na anangoja maksi.

“Mwalimu,” alisema, “sikukuaibisha. Niliandika vile vile ulivyotuandikia ubaoni, kila mara. Hata walipokuja na daktari sikusema. Hakuna mtu aliyejua.”

Alitabasamu.

Mama yake alikuwa amesimama kati yetu. Alimuuliza mwanawe mwalimu aliwaandikia nini ubaoni, naye akamwambia yote, sentensi kwa sentensi, hakukosea hata neno. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Nilimwomba Mungu mama yule apige kelele, anitukane, anirushie hata kiatu, kwa kuwa gati nzima ilikuwa na watu na ningestahili. Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa.

“Japuonj, kwa hiyo zile Jumamosi zote ulikuwa unanisomea maneno yako mwenyewe?”

Nikasema ndiyo.

Alilichukua sanduku mkononi mwangu, akajitwika. Akamshika mwanawe mkono, wakaenda taratibu kuuliza boti ya Sindo.