Vidole Vyepesi vya Wanafunzi wa Christabel

Usiku ule sikulala. Simu niliiweka juu ya mto, karibu na sikio, ingawa najua inalia kwa nguvu. Mwanangu Christabel alikuwa amewapeleka wanafunzi wake wanne Mombasa kufanya mtihani wa piano, na aliahidi kunipigia saa kumi na mbili jioni. Saa nne usiku ndipo ujumbe ulipoingia: "Watoto wako salama. Mtihani umekwenda vibaya. Lala, Mama."

Nilijua maana yake. Wazazi wa hapa Garsen walikuwa wamemwambia wazi: wakiona cheti, wataendelea kuleta watoto, wasipoona, basi. Darasa lake lote lilining'inia kwenye siku ile moja.

Alianza miaka mitatu nyuma, aliporudi kutoka Malindi alikojifunza kinanda cha umeme kwa mpiga kinanda wa kanisa moja. Mwanzo alikuwa na mwanafunzi mmoja tu, Maurine, binti wa jirani yetu Sarah. Kila Jumapili alikwenda kanisa la kijiji kingine, Ngao, Wema, popote, akaomba dakika tano baada ya matangazo alieleze darasa lake. Watu walimsikiliza kwa adabu, wakaenda zao kula. Mwaka wa mafuriko alikibeba kinanda kichwani kimefungwa nailoni, maji yakimfika kiunoni. Baadaye akapangisha chumba nyuma ya duka la Mukhtar, karibu na mabasi ya Lamu yanaposimama. Honi zilimkatiza kila saa. Adhana ilipoanza alinyamaza mwenyewe bila kuambiwa, na Mukhtar akamheshimu kwa hilo. Mbele ya wateja alimwita Mwalimu.

Watoto walifika tisa na kinanda ni kimoja. Akamwendea seremala, akakatiwa mbao, akazichora vibonye vyeupe na vyeusi kwa rangi. Kila mtoto akaenda nyumbani na ubao wake kufanya mazoezi bila sauti. Ukipita kwa Sarah jioni ungemkuta Maurine amekaa mkekani, vidole vinatembea juu ya ubao, midomo inahesabu.

Vidole vile viligusa tu, kama vya mtu anayeangalia kama sufuria imepoa. Mimi niliviona. Nilipokuwa msichana nilifagia nyumba ya mwalimu wa misheni aliyekuwa na piano ya zamani, ya mbao. Siku moja hayupo nikaibonyeza. Haikulia mpaka niliposhindilia kidole, na nikashangaa uzito wake. Kinanda cha Christabel, hata nzi akitua kinalia.

Nilitaka kumwambia. Mara mbili nilianza, nikaishia kumuuliza kama amekula. Mimi shule niliachia darasa la sita, yeye ana vitabu vyake, na nilijiambia labda piano za siku hizi zimebadilika. Tena alikuwa na furaha, na furaha yake nilikuwa sijaiona siku nyingi. Nikanyamaza.

Matokeo yenyewe ya mtihani yangekuja baada ya wiki kadhaa, lakini hakuna aliyeyangoja. Siku mbili baada ya kurudi kwao, Sarah alinikuta sokoni kwenye samaki.

"Mama Christabel, umesimuliwa?"

"Kidogo tu, dada."

"Mtahini alimwambia Maurine apige kwa nguvu. Akapiga. Sauti moja inatoka, mbili zinapotea. Mtoto wangu amepapasa pale kama mzee anayetafuta kiberiti gizani."

"Piano ya kule ni nzito, Sarah."

"Na mwalimu hakujua? Tumewapeleka watoto mpaka Mombasa kwenda kupima uzito?"

Mama mmoja aliyekuwa akichagua kambale akadakia, "Angewapa michi watwange kwanza."

Sarah akacheka, kisha akanitazama, akaacha. "Si kwa ubaya, dada. Lakini Jumamosi Maurine haji."

Jumamosi Christabel alikwenda darasani saa mbili asubuhi kama kawaida. Alasiri Mukhtar akanipigia simu. "Mama Christabel, njoo. Hajaja mtoto hata mmoja, na Mwalimu amejifungia. Nimegonga, hanijibu."

Nilikwenda mbio. Mukhtar alinionyesha kile chumba kwa kidevu, akarudi dukani ili tuwe wawili.

"Christabel. Ni mimi."

"Nenda nyumbani, Mama."

"Siendi."

"Nimewaaibisha watoto wa watu," alisema. "Lakini ningejuaje? Piano ya kweli sijawahi kuigusa. Hapa nani angeniambia?"

Nikasikia miguu yake inakuja. Komeo likaanza kusogea, lile la chuma lisilojua mafuta. Ningenyamaza tena, lingefunguka. Nilikuwa nimelibeba jambo lile muda wote ule, na halali nalo mtu, hali nalo mtu.

"Mimi ningekuambia," nilisema. "Nimewahi kuibonyeza nikiwa msichana. Niliviona vidole vya watoto, nikajua."

Komeo likasimama.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoleta zile mbao."

Nilimsikia akipumua upande wa pili, karibu kabisa nami. Kisha komeo likarudishwa kufunga, taratibu, mpaka mwisho.