Jina Nililompa Kaka Yangu

Machi 2016 niliomba ruhusa ya siku tatu kwenye ghala ninakofungasha mizigo, nikatoka Louisville, Marekani, kwa basi kwenda Buffalo kumwomba radhi kaka yangu Mathayo. Miaka kadhaa nyuma kanisa letu la Warundi, mtaani kwetu Beechmont, lilikuwa limegawanyika kwa siasa za nyumbani Burundi, naye akatoka na familia tisa. Mimi, mbele ya waumini, nikawaita Makapi. Watu walicheka. Jina likaganda, na Mathayo akahama mji.

Kilichonisukuma ni somo la historia chuoni. Mwalimu alitusimulia Uingereza ya karne ya kumi na saba, watu walipogombana iwapo ndugu wa mfalme, aliyekuwa Mkatoliki, arithi kiti cha enzi. Waliompinga waliitwa Whig, jina la waswaga mifugo wa Uskoti walioasi kwa ajili ya dini. Waliomtetea wakaitwa Tory, jina la majambazi wa Ireland. Yalikuwa matusi, lakini baadaye makundi hayo yakawa vyama vya siasa na kuyakubali. Darasa zima lilicheka. Mimi sikuweza.

Columbus, njiani, adhuhuri. Dada yetu Spesioza, anayeishi huko mtaa wa Northland, alinipakulia ugali na maharage.

"Kaka anaumwa figo," alisema. "Usiende kujitetea."

"Naenda kuomba radhi."

"Basi omba, kisha unyamaze."

Buffalo, kesho yake asubuhi. Theluji ilikuwa imechafuka kando ya barabara. Mathayo alikuwa amekonda hata sweta lilimpwaya. Sebuleni nilikuta vijana wamevaa fulana zilizoandikwa MAKAPI. Binti yake akanieleza kwa Kiingereza, uso umejaa furaha, kwamba ndilo jina la kwaya yao. Kanisa lilipogawanyika alikuwa mdogo, hakujua lilikotoka.

Vijana walipoondoka nilipiga magoti. Badala ya kuomba tu, nikaanza habari za Whig na Tory, kwamba hata tusi huweza kugeuka heshima.

Mathayo alinisikiliza hadi mwisho. "Hao waliitwa hivyo na maadui zao," alisema. "Mimi niliitwa Makapi na mtoto niliyembeba mgongoni tulipokimbia vita."

Nikalia. "Nisamehe, kaka."

"Nimekusamehe, mdogo wangu. Ila watoto usiwaambie. Waache waimbe."

Njiani kurudi, basi likikata Ohio kwenye mvua, nilielewa nilichokosa darasani. Vitabu husema jina lilianzia wapi na likaishia wapi. Havisemi mtu wa kwanza kuitwa jina hilo alivyotoka kanisani siku ile, akitazama chini, mkewe amemshika mkono.

Mathayo alifariki mwezi Juni. Mazishini mchungaji aliikaribisha kwaya ya vijana wale kwa jina la Makapi, watu wakapiga makofi. Nami nikapiga.