Nilivyokata Kanzu ya Idi

Bruda wa misheni alinifundisha kushona kwa miaka minne. Siku ya kuniaga akanipa barua ya kumpelekea fundi mmoja wa nguo mjini Morogoro, na kunionya nisirudi bila kazi, maana kitanda changu kilikuwa kimeshapata mtoto mwingine. Nilimchukia asubuhi ile, sitasema uongo. Kwetu Uluguru shamba hutoka kwa ukoo wa mama, na mimi mama yangu sikumjua. Misheni iliniokota ningali nanyonya. Fundi huyo akinikataa, ilibaki kubeba mataruma ya reli tu, na wenzangu wawili waliotangulia huko walikuwa wameshazikwa.

Niliteremka kutoka Mgeta kwa miguu, nikamkuta fundi barazani na cherehani yake.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba." Aliikunja barua bila kuisoma. "Barua haishoni, kijana. Hii bafta ni ya kanzu yangu ya Idi. Mwezi ukiandama leo, kesho naivaa. Nikitoka kuswali nataka niione imekatwa."

Moyo wangu ulitulia. Kanzu! Nilikuwa nimeshakata nyingi mno. Nikapima, nikapiga mkasi kuanzia shingoni mpaka chini, nikapinda kingo zote mbili, nikaanza kutia alama za vifungo. Ndipo wanaume wawili wakapita kwenda msikitini, nikawatazama vifua. Kanzu zao hazikupasuliwa mbele. Zilikuwa na mpasuo mfupi tu, wa kupitisha kichwa. Mimi nilizozijua ni za mapadri, za vifungo toka juu mpaka miguuni.

Jasho lilinitoka. Nikaanza kuufunga ule mkato haraka haraka, nikafika kiunoni. Kisha nikauona mshono umekaa katikati ya kifua kama kovu, nikaufumua wote. Afadhali anifukuze akiujua ukweli.

"Fundi, nimeharibu," nilisema kabla hajavua viatu. "Nimekata ya padri."

Akaitandaza mkekani, uso ukamwiva. "Umeniharibia Idi yangu, wewe! Hujapata kuvaa kanzu?"

"Sijapata."

Akapitisha kidole kwenye pindo langu, akaligeuza, akaligeuza tena. Nilijua anatafuta maneno ya kunifukuzia. Akaingia ndani, akatoka na kanzu yake kuukuu.

"Inua mikono."

Nikadhani nachapwa. Kumbe alinivika ile kanzu kichwani, akaivuta mikono mmoja mmoja, akaninyoosha mabega. Tangu nipate akili hakuna mtu aliyewahi kunivalisha nguo. Nililia humo humo ndani ya kitambaa, kichwa hakijatokeza.

"Sasa umejua inavyoingia," alisema. "Hiyo uliyokata tutawashonea watoto. Kesho kutwa utakata nyingine, mimi nimesimama hapa hapa."

Akanivua ile kanzu, akaikung'uta vumbi. Mwezi uliandama, na asubuhi alikwenda kuswali Idi ameivaa hiyo hiyo kuukuu.